Umri wa Maji Bombani

Ukifungua koki asubuhi ukasikia harufu ya dawa, usikunje uso. Hiyo ni klorini iliyobaki, mlinzi aliyeyasindikiza maji tangu mtamboni. Leo tuulize: huishia wapi njiani, na mhandisi anajuaje bila kupima kila koki ya mji?

Chukua Dar es Salaam. Maji ya mtambo wa Ruvu Chini husafishwa upande wa Bagamoyo, kisha husafiri zaidi ya kilomita 50 hadi mjini. Lakini kilomita si hoja. Hoja ni saa. Nyumba jirani na tangi, ikiwa bomba lake linaishia uchochoroni kwenye watumiaji wachache, yaweza kunywa maji mazee kuliko mtaa wa mbali ulio kando ya bomba kuu.

Klorini huliwa na uchafu uliomo majini. Ulaji huo hupimwa kwa chupa: unajaza kadhaa mtamboni, unaziweka gizani, kila baada ya saa chache unapima moja. Mlaji wa pili, ukuta wa bomba wenye kutu na utando wa vijidudu, haingii chupani, na ndiye msumbufu. Bomba jembamba la chuma kikuukuu ni mlafi hasa, maana maji machache hugusa ukuta mwingi.

Tuseme tumeanza na miligramu 1 kwa lita, na nusu hupotea kila saa 10. Saa ya 20 imebaki 0.25, saa ya 30, 0.125. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Kwa hiyo kwenye saa ya 23 hivi tumeshakwama, na joto likizidi, mapema zaidi.

EPANET, programu ya bure iliyotolewa Marekani mwaka 1993, hufanya hesabu hiyo kwa kila bomba na kila tangi. Ila hudhani bomba limejaa saa zote! Kwenye mgao, bomba hukauka, likifunguliwa husomba kutu, kisha maji hulala kwenye simtanki.

Tuongeze dozi mtamboni? Wa karibu watalalamika, na klorini ikikutana na mabaki ya majani huzaa kemikali zisizotakiwa. Afadhali kuongeza kidogo kwenye tangi la katikati.

Na kwa kuwa programu haiujui mgao, fundi bado huenda mwisho wa bomba na kichupa na kidonge cha kupimia. Maji yakigeuka waridi, klorini ipo. Yakibaki meupe, namba ya kompyuta inafutwa.