Rangi ya Buluu na Maziwa Yetu

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Wengi wetu ni watoto wa wafugaji wa Rungwe na Iringa. Basi naomba nizungumzie baiolojia kwa njia ya maziwa.

Seli zote hai hupumua. Katika kupumua huko, vimeng'enya huondoa hidrojeni kwenye chakula. Kazi hiyo haionekani kwa macho, lakini rangi iitwayo methilini buluu huidhihirisha: ikipokea hidrojeni, ubuluu hutoweka. Changanya hamira, sukari na maji ya uvuguvugu, tia matone machache ya rangi. Baada ya dakika chache mchanganyiko hurudia weupe wa hamira. Ukitikisa, oksijeni ya hewani huurudisha ubuluu. Hamira iliyochemshwa haibadilishi kitu, kwani vimeng'enya vyake vimeharibika.

Maziwa nayo hupimwa hivyo. Mililita 10 hutiwa mililita 1 ya maji ya rangi hiyo, kisha huwekwa kwenye joto la nyuzi 37. Ubuluu ukitoweka kabla ya muda wa saa 2 kwisha, bakteria ni wengi mno. Ukidumu saa 6 au zaidi, maziwa ni mazuri.

Maziwa ya mzazi yanapokataliwa, kijana aliyefanya jaribio hili kwa mkono wake ataweza kuyapima na kusema kweli. Aliyelikariri ubaoni hawezi.

Ndugu zangu, chupa moja ndogo hutosha madarasa mengi. Napendekeza mchango wetu uanzie maabara.