Kutoka Meza ya Kufunga Chambo Hadi Mtoni: Hotuba kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware



Katika mitaa hii kuna ufundi ambao hata majirani wengi hawaujui. Fundi huketi mezani, ndoana ndogo imebanwa kwenye jiliwa, na kwa uzi, manyoya ya jogoo na nywele za sungura hutengeneza mdudu bandia. Kazi hiyo imekuwapo Kenya tangu enzi za ukoloni. Chambo kinachofungwa Nairobi husafirishwa hadi Uingereza, Marekani na kwingineko, kwa watu wanaovua samaki kama mchezo. Lakini fundi hulipwa kwa idadi ya vipande. Oda ya ng'ambo ikikatika, meza hulala, na kodi ya nyumba haingoji.

Swali la leo ni hili: je, fundi huyo anaweza pia kuwa mwongozaji wa wavuvi hapa hapa nchini? Anaweza, kwa sababu sehemu ya elimu hiyo tayari anayo mikononi.

Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan aliingiza nchini samaki aina ya trauti kutoka Uskoti, wakaachiliwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Leo trauti wanapatikana katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya, kama vile Gura, Chania, Ragati, Thiba na Naro Moru. Samaki huyu hutaka maji baridi, safi na yanayokwenda kasi. Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni takriban kilomita 150, mwendo wa matatu wa saa chache. Hata hivyo, wapo waliofunga chambo maelfu bila kumwona trauti hata mmoja.

Fundi anajua kwamba shanga ya shaba kichwani mwa chambo ni ya kukizamisha, kwa kuwa kinaiga mdudu ambaye bado anaishi chini ya mawe ya mto. Anajua kwamba manyoya magumu ya jogoo hukifanya chambo kielee, kama mdudu aliyekwisha kuota mbawa. Mgeni akiuliza leo afunge chambo gani, fundi ana pa kuanzia.

Yaliyobaki ni ya kujifunza. La kwanza ni kurusha mshipi. Chambo hiki hakina uzito. Mshipi wenyewe ndio unaokibeba. Mazoezi huweza kufanyika katika uwanja wa mpira, kwa kufunga kipande cha sufi mahali pa ndoana ili mtu asiumie. La pili ni kusoma maji: trauti hujificha nyuma ya jiwe au ukingoni mwa mkondo, mahali anapopumzika huku chakula kikimfikia. Hili halifundishwi mezani; ni lazima kuingia mtoni na mtu anayeujua.

La tatu ni usalama. Mawe yanateleza, mvua ya mlimani hujaza mto ghafla, na katika misitu hiyo kuna nyati na ndovu. Cheti cha huduma ya kwanza, kama kile cha Msalaba Mwekundu wa Kenya au St John Ambulance, si pambo. La nne ni sheria. Uvuvi wa mchezo huhitaji leseni, chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na ndani ya hifadhi za taifa masharti ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hufuatwa. Kwa kazi ya uongozaji kwa jumla, chama cha waongoza safari, KPSGA, hutahini kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Anayeanza huanzia shaba.

Ukweli mwingine usifichwe. Kazi hii ina misimu. Mvua za masika zikichafua mito, wageni hupungua. Kwa hiyo hakuna anayeshauriwa kuiacha meza yake kesho asubuhi. Meza hulisha nyumba wakati wa mvua. Mto huongeza kipato wakati wa kiangazi. Na yeyote anayedai pesa akiahidi cheti bila mafunzo, au kazi bila mtihani, aepukwe. Ni vyema kuuliza kwanza katika taasisi yenyewe inayotoa cheti hicho.

Jambo hili linawagusa hata wasiofunga chambo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, linalojazwa na mito ya Aberdare. Msitu unaompa trauti maji safi ndio unaojaza mtungi wa Kibera. Wadudu wanaoigwa mezani, wengi wao hawaishi katika maji machafu. Ndiyo maana mtu hawaoni katika mto Ngong unaopita kando ya Kibera. Kijana aliyejifunza kuwatafuta chini ya mawe atajua kupima afya ya mto wowote, hata huu wa nyumbani.

Mkono unaoweza kumwiga mdudu mdogo kuliko punje ya mchele umekwisha kufuzu somo la subira. Kilichobaki ni kuufikisha mtoni.