Uchovu wa Mwalimu wa Dini



Misheni yetu ya Matombo ilianzishwa mwaka 1897 na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Siku za jubilei twawasifu waliovumilia. Mimi nataka kusema habari ya mtu avumiliaye, na huku moyo wake umekwisha kukauka.

Nami nalikuwa mtu huyo. Nalikuwa na vigango vitano milimani, na mafundisho ya watoto, na wagonjwa, na mazishi. Masika moja kengele ililia, nami sikutaka kuinuka. Midomo yangu ilisali, moyo haukuwapo. Siku moja nalimkaripia mtoto aliyesahau jibu la katekisimu, hata akalia. Usiku ule nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kabla sijaipeleka, nikasoma habari za Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii yule alijilaza chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, naye akalala tena. Akaamshwa, akala mara ya pili. Baadaye Mungu akamrudisha katika kazi yake, wala si peke yake: akampa Elisha.

Nalidhani nimepungukiwa imani. Kumbe nalipungukiwa usingizi na msaidizi! Nikaichana barua, nikaenda kwa Baba Paroko, nikamweleza yote. Tukawaita wazee wa vigango. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kutanguliza ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo, ili Wakristo wabebe kazi ya Kanisa pamoja. Lakini mimi nalifanya kila jambo mwenyewe, kwa kiburi nilichokiita bidii. Tangu hapo ibada za vigango vitatu zaongozwa na wazee, na Jumatatu ni siku ya kupumzika na ya migomba yangu. Uchovu haukuondoka upesi. Ulipita mwaka mzima. Na mtoto yule nalimwomba radhi mbele ya wenzake.

Ndugu zangu, wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi msimwone mwalimu wenu akipanda mlima mkadhani mzigo wake ni mwepesi. Muulizeni kama amekula, kama amelala, na ni nani amsaidiaye.