Usingizi wa Watoto Wachanga Rubongi: Tuanze na Neti, Saa Baadaye



Vitabu vya malezi huuliza kwanza: mtoto ataanza lini kulala usiku kucha? Swali hilo halitufai sana hapa. Miaka ya 1970, watafiti wa Kimarekani Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya. Watoto wa huko walilala ubavuni mwa mama na kuamka kunyonya usiku, hata katika umri ambao wenzao wa Marekani walikwisha kuzoeshwa kulala mfululizo. Mchana walisinzia mgongoni, mara nyingi kwa dada zao. Hiyo haikuwa kasoro.

Mtoto aliyezaliwa juzi hajui usiku wala mchana, na tumbo lake ni dogo, kwa hiyo huamka kunyonya. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2019 lilitaja saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku kabla ya miezi minne, 12 hadi 16 mpaka afikishe mwaka, kisha 11 hadi 14 akiwa wa mwaka mmoja au miwili. Usingizi wa mchana umo ndani ya hesabu hiyo. Kwa hiyo, wahudumu wa afya wa vijijini, mama akilalamika kwamba mtoto halali, muulizeni kwanza amelala saa ngapi mgongoni.

Kinachotuibia usingizi hapa wilayani Tororo, Uganda, ni mbu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti walikadiria kwamba mtu wa Nagongera, wilayani humu, aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 hivi kwa mwaka. Karibu kila usiku. Unyunyiziaji dawa majumbani, ulioanza mwishoni mwa 2014, ulipunguza sana hali hiyo, lakini dawa ya ukutani huisha nguvu. Ng'ambo ya mpaka wa Malaba, nchini Kenya, kaunti ya Busia ilikuwa katika majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza 2019, na Uganda ilianza kuchanja Aprili 2025. Hata hivyo chanjo haifukuzi mbu, na neti ingali na kazi.

Tatizo ni kwamba neti nyingi hufungwa juu ya kitanda cha baba. Mtoto aliyeachishwa ziwa huhamishiwa kwenye mkeka sebuleni pamoja na kaka zake, na hapo hakuna msumari wa kuning'inizia kitu. (Neti ya kuzungushia vifaranga nimeiona pia, na vifaranga walilala vizuri.) Pigeni misumari minne ukutani, kisha ncha za neti zikunjwe chini ya mkeka. Mama akiamka kwenda haja, aichomeke tena kabla ya kulala, maana mbu hawa huuma zaidi usiku wa manane.

Mtoto mchanga alazwe chali, pasipo mto wala mablanketi mazito. Aliyetoka kwenye mtungi wa pombe ya malwa asilale naye kitanda kimoja. Hapa baba zangu mnisamehe, nawataja nyinyi hasa. Na dawa ya mafua isitumiwe kumlevya mtoto ili alale: inaweza kumpunguzia pumzi.

Wahudumu, mkipita nyumbani mkaambiwa mtoto ni msumbufu usiku, mguseni. Akiwa na joto, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Asipokuwa nalo, ombeni kuonyeshwa anapolala, na mwende na nyundo.