Mbwa Anayeuzwa kwa Jina la Mbwa Mwitu

Wasikilizaji wa Kirumba, Butembo na Beni, mtu akikuletea mtoto wa mbwa na kudai kwamba baba yake ni mbwa mwitu wa msituni, usitoe pesa. Mbwa mwitu wetu wa Afrika, yule wa madoa na masikio ya mviringo, ana vidole vinne tu katika mguu wa mbele. Shika mguu wa huyo mtoto: ukikuta kidole cha tano, kidogo, juu kidogo upande wa ndani, huyo si mbwa mwitu wetu. Mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu huyo ni jamaa wa mbali mno, hawazai pamoja.

Kuna atakayesema machotara wa mbwa na mbwa mwitu wa aina nyingine wapo. Ni kweli: Chekoslovakia ilianza kuwazalisha mwaka 1955 kwa mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya, na huko Bale, Ethiopia, mbwa wa wafugaji wamezaa na mbwa mwitu wa milimani. Lakini wanyama hao hawaishi Kivu. Manyoya ya kijivu na macho ya manjano si ushahidi: hata mbwa wa kawaida huwa nayo. Muuzaji akidai mtoto huyo wa mbwa ametoka Ulaya, aonyeshe karatasi za safari na za chanjo.

Tunasisitiza chanjo kwa sababu kichaa cha mbwa kinaua. Mbwa akikung'ata, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.