Ulimi wa Sista Irene: Mhadhara wa Umma



Mwenzangu mmoja katika taaluma ya teolojia anafundisha kwamba usafi wa moyo ni siri ya mtu na Mungu wake, na kwamba kauli ya upole ni suala la malezi tu. Kwake, mwenye moyo safi anaweza kuwa na ulimi mkali bila hasara yoyote. Hutaja Mathayo 23, Yesu anapowaita Mafarisayo nyoka. Hutaja pia chumvi ya Wakolosai 4:6, akisema chumvi lazima iwashe kidonda. Hoja hii inapendwa mno hapa kwetu, ambako mtu husifiwa kwa kusema wazi.

Basi tuulize: waliokemewa katika Mathayo 23 ni akina nani? Ni walioketi katika kiti cha Musa, wenye mamlaka ya kuwatwika wengine mizigo. Nenda Yohana 8. Mwanamke aliyeburutwa mbele ya umati hakuitwa nyoka. Aliambiwa asitende dhambi tena, kwa hiyo ukweli haukufichwa. Lakini aliambiwa washtaki wake wakiwa wamekwisha kuondoka. Neno kali liliwapandia wakubwa, neno laini likamshukia mnyonge. Anayemkemea mjane kwa maneno aliyoambiwa Farisayo ameisoma Injili miguu juu, kichwa chini. Na chumvi ya Paulo imetajwa pamoja na neema katika mstari uleule. Ni chumvi ya chungu, si ya kidonda.

Nitajibiwa kwa mfano wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliojulikana kwa maungamo ya hadharani. Ahonoki, yaani waliookoka wa Uamsho huo, nawaheshimu: wakati wa Hali ya Hatari wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, na baadhi yao wakauawa. Lakini ungamo lao la hadharani kimsingi lilikuwa la dhambi zao wenyewe, si za jirani.

Nikiwa kijana nilimwona mzee wa kanisa, kanisa ambalo sitalitaja, akimsimamisha msichana mjamzito mbele ya washirika. Mafundisho yake hayakuwa na kasoro, wala sadaka haikuwahi kupungua mikononi mwake. Msichana alikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Nikautazama uso wa mzee: alikuwa akifurahia. Msichana hakurudi tena, na mama yake akaacha kuja.

Sasa nimwite shahidi nimpendaye. Mercede Stefani, ndiye Sista Irene, alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915, akawauguza wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza huko Voi, Kilwa na Lindi. Alihamia Gikondi mwaka 1920, akafa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata akimhudumia mgonjwa. Alitangazwa mwenyeheri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Sisi hukimbilia kifo chake. Mimi navutwa na barua.

Wazazi wasiojua kuandika walimwendea awaandikie watoto wao waliokwenda kufanya kazi mbali. Ifikirieni kazi hiyo. Mama ana uchungu, kijana yuko kimya mwaka mzima, na hasira yote inapita katika kalamu ya mtu mwingine. Mwandishi anaweza kuitia makali. Anaweza kuibeba hadi nyumba ya pili. Wakikuyu waliompa siri hizo ndio waliomwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, miaka mingi kabla Roma haijatamka neno. Walimpima moyo kwa kinywa chake.

Nakubali kwamba upole huweza kuigizwa. Ulimi laini peke yake hauthibitishi moyo safi. Lakini ulimi unaomjeruhi mnyonge na kuridhika unathibitisha moyo mchafu, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja.

Wanafunzi wa historia, nendeni Gikondi mkawatafute wajukuu wa waliopelekewa barua hizo. Waulizeni kama nyumbani husimuliwa lolote: bibi alisema nini, na sista akaandika nini.