Si kila maumivu yana kidonge



Nina jirani yangu, mama mjane, ambaye wakati fulani alikwenda zahanati mara nne katika muda wa miezi miwili. Kila mara alilalamikia kichwa na kukosa usingizi. Mara ya kwanza alipimwa malaria, hakuwa nayo. Mara ya pili alipimwa presha, wakakuta imepanda kidogo. Mara ya tatu na ya nne alipewa vidonge vya maumivu akaambiwa apumzike. Mganga aliyemwona hakufanya kosa lolote. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje, naye alitoa alichokuwa nacho. Lakini hakuna aliyemwuliza mama yule kwa nini halali. Angeulizwa, angesema kwamba mashemeji walitaka kumtoa katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Usingizi ulirudi pale alipompata mtu wa kumfikisha kwa wasaidizi wa kisheria.

Nimemkumbuka mama huyu juma hili nilipokuwa nikisoma habari za kazi moja mpya katika huduma ya afya ya Uingereza. Huko mgonjwa huanza kwa daktari wa familia, na kwa kawaida hupewa kama dakika kumi. Katika dakika hizo kumi aeleze, apimwe, aandikiwe cheti, atoke. Mwaka 2015 shirika la kuwashauri raia liitwalo Citizens Advice lilitoa ripoti ambayo ndani yake madaktari hao walieleza kwamba karibu moja ya tano ya muda wao na wagonjwa hutumika kwa mambo yasiyo ya kitabibu: ugomvi wa nyumbani, kodi ya nyumba, kukosa kazi, upweke. Nchi ile ni tajiri, ina mashine za kila namna, na bado daktari wake anakaa mbele ya mtu ambaye dawa yake haiuzwi dukani.

Basi tangu mwaka 2019, katika England, kliniki hizo zimekuwa zikiwekewa mtu wa namna nyingine. Mtu huyu si daktari wala muuguzi. Hashiki sindano wala haandiki dawa. Kwa lugha yao wanamwita mfanyakazi wa kiungo, kwa maana kwamba anamwunganisha mgonjwa na watu na vikundi vilivyoko mtaani kwake. Mimi naona sisi tungemwelewa upesi zaidi kama tungemwita mshenga. Mshenga anaijua nyumba hii na anaijua ile. Anapeleka neno na kurudisha neno, wala haondoki mpaka jambo limekaa sawa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Daktari akiona kwamba shida ya mgonjwa haimo kifuani wala tumboni, humpeleka kwa mshenga huyo. Mazungumzo yao ya kwanza huweza kuchukua saa nzima. Hayaanzi kwa swali la "Unaumwa nini?" bali kwa swali la "Kwako wewe, jambo gani lina maana zaidi?" Hapo ndipo mzee hueleza kwamba tangu mkewe afariki hazungumzi na mtu ila mwenye duka, au kijana husema ana madeni na anaogopa kufungua barua zake. Kisha wanapanga pamoja. Mwenye deni hupelekwa kwa mshauri wa madeni. Mpweke huunganishwa na kikundi cha matembezi, kwaya, au bustani inayolimwa na watu wa mtaa. Anayeishi katika nyumba yenye unyevu husaidiwa kuifikia ofisi ya nyumba. Na anayeona haya kwenda peke yake huweza kusindikizwa siku ya kwanza.

Jambo hili la kusindikizwa si dogo. Mtu aliyevunjika moyo ukimpa karatasi yenye anwani, ataikunja na kuitia mfukoni, na huko mfukoni itabaki mpaka nguo ifuliwe. Ukienda naye mpaka mlangoni, mara ya pili atakwenda mwenyewe.

Serikali yao haikufanya hivi kwa huruma tupu. Januari 2018 ilimteua waziri wa kushughulikia upweke, watu wengine wakacheka. Mwaka mmoja baadaye, katika mpango wa muda mrefu wa huduma ya afya ya taifa, England ilijiwekea lengo la kuwa na wafanyakazi hao zaidi ya 1,000 ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha wa 2020/21, na watu wasiopungua 900,000 wawe wamepelekwa kwao ifikapo 2023/24. Mpango wa wafanyakazi uliotolewa Juni 2023 ukataja lengo la kufikia 9,000 ifikapo 2036/37. Hesabu ya wakubwa ni kwamba mgonjwa asiyerudi kwa daktari kila juma anaacha nafasi kwa mgonjwa mwingine.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1926 madaktari wawili, Scott Williamson na Innes Pearse, walianzisha kituo huko Peckham, kusini mwa London, ambako familia ilijiunga kwa shilingi moja ya Kiingereza kwa juma. Mwaka 1935 walipata jengo kubwa lenye bwawa la kuogelea katikati, watu wakawa wanapimwa afya, wanacheza, wanakutana na majirani. Vita vilikifunga kituo, kikafunguliwa tena mwaka 1946, kisha kikafa mwaka 1950, kwa kuwa hakikupata mahali katika mfumo mpya wa afya ya taifa ulioanza 1948. Mwaka 1984 mchungaji Andrew Mawson alifika Bromley by Bow, mashariki mwa London, akakuta kanisa lenye jengo chakavu na waumini wachache wazee. Akawaachia watu wa mtaa vyumba wavitumie. Kutokana na hapo kikakua kituo cha jamii, na mwaka 1997 kliniki ikafunguliwa ndani ya eneo hilohilo. Daktari na bustani wakawa uani pamoja.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, tusisifu mno. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ Open lilichapisha uchunguzi wa watafiti waliopitia tathmini zilizokwisha kufanywa juu ya utaratibu huu. Walikuta kwamba nyingi zilikuwa ndogo na dhaifu, hata haikuwezekana kusema kwa uhakika kwamba unafaa, au kwamba unaokoa fedha.

Liko pia jambo ambalo mimi naliona zito zaidi. Mshenga, hata awe hodari namna gani, hawezi kuoza katika nyumba isiyo na mwari. Katika miaka ya baada ya 2010, halmashauri nyingi za England zilipunguziwa fedha. Maktaba zikafungwa, vituo vya vijana vikafungwa. Sasa utampeleka wapi mpweke? Daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya hupungua pale ambapo haja ya watu imezidi. Neno lake linahusu na huku. Mtaa wenye nafasi una kwaya tatu na bustani mbili. Mtaa maskini una mshenga mwenye orodha tupu. Kumwajiri mshenga na kuvinyima fedha vikundi anakowapeleka watu ni kumtuma mtu sokoni bila kapu wala senti.

Kwetu sisi habari hii inatuhusu vipi? Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Harare, Zimbabwe. Huko, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wahudumu wa afya kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kutafuta njia ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Wagonjwa 573 walishiriki. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa Kishona maradhi yenyewe huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Kila siku tunasema, "Ana mawazo."

Na watu wa kufanya kazi hiyo tunao. Kenya mwaka 2023 ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, kwa lengo la kuwafikisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hawa ndio wanaojua njia za vichochoroni, na nyumba ipi ina kilio. Hofu yangu ni kwamba tutawabebesha madaftari ya kuhesabu wajawazito, vyandarua na chanjo, kazi ambazo ni za lazima kabisa, mpaka wasibakiwe na robo saa ya kumwuliza mtu kwa nini halali.

Mimi sina fedha za kugawa, ila nina shauri dogo. Kila zahanati iwe na daftari moja, lijazwe na watu wa kata wenyewe: ofisa ustawi wa jamii anapatikana wapi na siku gani, wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ni kina nani, dawati la jinsia la polisi liko kituo kipi, VICOBA ipi inapokea wanachama, kikundi kipi cha akina mama kinakutana Jumamosi. Kando ya kila jina liandikwe jina la mtu atakayemsindikiza mgonjwa. Daftari lisilo na huyo wa kusindikiza litakuwa karatasi nyingine ya mfukoni.

Jirani yangu bado anaishi katika nyumba yake. Mtu aliyemfikisha kwa wasaidizi wa kisheria alikuwa mwuza mboga, ambaye alimwona analia akamwuliza kulikoni. Alibahatika. Tusiache afya ya watu ikategemea bahati ya kukutana na mwuza mboga mwenye moyo.

Kwa leo naishia hapo.